Mrija Uliobaki

Daktari aliigeuza mashine.

Hakuigeuza sana, upana wa kiganja tu, lakini Kahonzi aliona. Alikuwa amelala chali kwenye kitanda cha mpira, leso imeshushwa mpaka nyongani, tumbo limepakwa ute baridi, na muda wote macho yake yalikuwa kwenye kile kioo chenye vivuli vya majivu. Hakujua kukisoma. Lakini mtu hahitaji kwenda shule ili ajue kwamba anafichwa kitu.

"Unaumwa upande gani?" daktari aliuliza.

"Huu wa kulia. Ulinishika juzi nikishona makuti, ukaniacha, jana ukarudi na damu."

"Umekunywa kitu? Vidonge, mitishamba?"

"Sijanywa."

"Sikushtaki, mama. Nauliza tu."

Anayeuliza tu hasemi kwamba anauliza tu. Hilo nalo Kahonzi aliliweka moyoni. Daktari alikuwa kijana wa kutoka bara, jina lake Hesbon, mwenye Kiswahili kilichonyooka kama cha taarifa ya habari. Alikibonyeza kile kidude tumboni mwake mara nyingine, akapumua kwa pua, kisha akamwambia muuguzi aliyesimama mlangoni, "Niitie Sista."

Hapo ndipo Kahonzi alipoanza kuogopa sawasawa. Katika hospitali ile ya misheni, Sista Priscilla haitwi kwa jambo dogo. Yeye si daktari wala muuguzi. Ni msimamizi, mwenye funguo na mwenye sauti ya mwisho, na ndiye anayejua Kanisa linaruhusu nini na linakataza nini. Akiitwa chumbani, ama mtu amekufa ama mtu ametenda dhambi. Kahonzi alijisikiliza, akajiona bado yu hai.

Sista alikuja na viatu vyake visivyotoa sauti. Wakazungumza na daktari kwa Kiingereza, mgongo wamempa mgonjwa. Kisha Sista akageuka, akaweka mkono wake laini juu ya goti la Kahonzi.

"Binti yangu, umewahi kutoa mimba?"

"Sijawahi."

"Hapa hatufichani."

"Mimi sijaficha kitu, Sista. Nyinyi ndio mmegeuza mashine."

Hesbon aliona haya. Akairudisha mashine ilivyokuwa, akaonyesha kwa kidole. "Una mimba, mama. Changa sana."

Katika miaka minne ya ndoa mimba moja ilimharibikia, na tangu hapo Kahonzi alikuwa ameingoja sentensi hiyo. Furaha ilimpanda mpaka kooni, na kabla hajaimeza, daktari akaendelea.

"Lakini haiko ndani ya kizazi. Imenasa njiani, kwenye mrija unaolipitisha yai. Mrija ni mwembamba, mtoto hawezi kukua humo. Ukiachwa, utapasuka, nawe utavuja damu kwa ndani mpaka ufe. Na mrija wenyewe ndio huo mmoja. Wa kushoto haupo."

"Haupo umekwenda wapi?"

Daktari alimtazama Sista. Sista alilitazama faili.

"Ulitolewa," alisema Hesbon polepole. "Ile mara ya kwanza ulipolazwa. Hapa hapa. Hukuambiwa?"

Aliambiwa amesafishwa. Hilo ndilo neno alilopewa alipozinduka wodini: mama, tumekusafisha, nenda ukapumzike. Kila alipooga aliliona lile kovu chini ya kitovu, akalisugua kwa sabuni, akijua ni kovu la kusafishwa. Kumbe alikuwa akilisugua kaburi. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Kahonzi, ambaye kazi yake ya kila siku ni hizo ng'ongo za makuti, alishtuka hapo kitandani hata ute ukamtiririka mbavuni.

Ofisini kwa Sista walimpa kiti. Mama huyo wa kanisa hakuwa mtu mbaya, lazima hili lisemwe. Wakati wa njaa alizunguka vijijini na unga, na watoto wa marehemu wengi walisoma kwa jasho lake. Alikuwa akiamini. Mtu anayeamini, ukimkuta upande wako, ni neema. Ukimkuta upande wa pili, Mungu akusaidie.

"Utapasuliwa leo," Sista alisema. "Mrija utaondolewa mzima mzima, na kilichomo ndani yake."

"Na ukiondolewa huo, mimi nitazaa na nini?"

"Watoto hutoka kwa Mungu, Kahonzi."

"Najua watokako. Nauliza wapitako. Hakuna njia nyingine?"

Hesbon alifungua mdomo. Sista alimtazama. Hesbon akasema, "Hapa hakuna."

"Hapa," Kahonzi alilirudia neno hilo, kama mtu anayelipima jembe mkononi.

Sista alikaa vizuri. "Nitakueleza, maana wewe ni mwenzetu. Iko dawa inayomshambulia mtoto mwenyewe. Hiyo ni kuua, na hapa hatuui. Lakini mrija ulioharibika ni kiungo kigonjwa, na kiungo kigonjwa huruhusiwa kuondolewa. Ndani yake mtoto atakufa, ndiyo, lakini sisi hatukukusudia kifo chake. Umeiona tofauti?"

Kahonzi alifikiri. Hakuwa mjinga, alikuwa maskini tu, na watu wengi huyachanganya haya mawili.

"Kwa njia yenu mtoto afa."

"Anafariki, ndiyo."

"Na kwa hiyo dawa pia afa."

"Ndiyo, lakini..."

"Na mrija wangu? Kwa hiyo dawa wabaki?"

"Huenda," alisema Hesbon.

"Daktari," alisema Sista. Neno moja tu, na kijana akainamisha kichwa.

"Basi tofauti ni ya nani?" Kahonzi aliuliza.

"Ni ya dhamiri," Sista akajibu, kwa upole wa kweli.

Kahonzi alitaka kuuliza dhamiri hiyo ya nani, lakini maumivu yalimkatiza. Sista naye alikuwa ameshafika kwenye jambo lingine. Kwa kuwa upasuaji huo ungemfunga uzazi, utaratibu wa hospitali ulitaka mume atie sahihi.

"Mume yuko Bofa, aezeka paa la hoteli."

"Mpigie."

Nyale alipokea simu juu ya paa. Upepo ulikuwa ukivuma katika maneno yake.

"Wataka kunipasua tena, Nyale."

"Tena?"

"Tena. Wasema uje utie sahihi."

"Mama asemaje?"

"Mama hayuko hapa. Nakuuliza wewe."

 Kahonzi alisikia mtu akimwitisha Nyale kamba huko juu, naye akijibu kwamba yaja. "Mimi niko kazini, Kahonzi. Mwambie mama aje. Akisema ndiyo, nami ndiyo."

"Basi kamlete mama mkwe," Sista akasema. "Upesi."

"Sista, huyu hafai kutoka hapa," alisema Hesbon.

"Sahihi ya mume kwanza, daktari. Unakumbuka yaliyotupata kwa yule mwingine aliyepasuliwa mumewe hayuko?"

Yaliyowapata hayakuelezwa. Kahonzi alijifunga leso, akatoka.

Alikuwa ameshafika kwenye bomba la maji, karibu na geti, aliposikia viatu nyuma yake. Ni Hesbon. Alijifanya ananawa.

"Usirudi hapa," alisema, uso ameuelekeza kwenye maji. "Nenda mjini, hospitali ya serikali. Mimba yako bado changa, moyo haujaanza kupiga. Iko sindano. Ukidungwa leo, mrija unaweza kupona. Umesikia? Leo. Na usiseme ni mimi niliyekutuma."

"Mbona ndani hukusema?"

Aligeuza shingo, akautazama mlango wa ofisi. "Mimi ni mwajiriwa hapa, mama."

"Na mbona wanong'ona?"

"Nenda tu, tafadhali."

Akafunga bomba, akaondoka mikono yachuruzika.

Sasa mweke mtu yeyote mahali pale pa Kahonzi, barabarani, jua la adhuhuri, kiuno chamkata, umwambie achague. Mkono huu ni mjini. Mkono huu ni nyumbani, Kakuyuni. Aliyemwelekeza mjini ni mtu aliyekuwa na neno moja ofisini na jingine bombani. Mwenye kweli hanong'oni, ndivyo alivyolelewa Kahonzi. Kinachosemwa pembeni ni wizi, au ni zinaa, au ni mtu akuuza kwa rafiki yake mwenye zahanati. Tena amnong'oneza nini? Sindano. Kahonzi hakusahau mwaka ule akina mama walipoonywa kanisani, kwa kipaza sauti, wasikubali sindano za serikali kwa kuwa zakausha vizazi. Wauguzi walipofika Kakuyuni, yeye na wenzake walijificha ndani ya mahindi mpaka gari likaondoka. Na leo daktari wa kanisa hilo hilo ampeleka kwa serikali akadungwe, upesi, na asimwambie mtu.

Walimwondolea mrija wa kwanza wakamwambia wamemsafisha. Wa pili wangemwondolea wakamwambia wamemwokoa. Huyu wa bombani naye alikuwa na lake, ila Kahonzi hajalijua ni lipi.

Akapanda boda boda ya kwenda nyumbani.

Alimkuta Mama Kache, mamavyaa wake, mbele ya jiko akimenya muhogo. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mgongo ulionyooka kama mchi. Jumapili alikuwa wa kanisa, na siku nyingine alikuwa wa wazee wake, wala hakuona kwamba kuna ugomvi baina ya hao wawili. Alikuwa na mwana mmoja tu, Nyale, na alikuwa na hamu moja tu. Kwa desturi yao, binti wa kwanza wa mwana huitwa jina la nyanya yake mzaa baba. Mwanamke aliyeitwa jina lake hafi, hurudi akacheza uani. Wenzake wote wa rika lake walikuwa na wajina wao wanaotambaa. Yeye alikuwa yungali peke yake na jina lake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkaza mwanangu. Mbona wakunja uso?"

Kahonzi aliketi kwenye rundo la makuti aliyoyaacha juzi, akaeleza yote: mimba, mrija, sahihi. La bombani alilibakiza.

Kache hakuacha kumenya. "Mara ya kwanza ilipinda."

"Ndiyo, mama."

"Na ya pili imepinda."

"Wasema ni ugonjwa. Humpata yeyote."

"Humpata yeyote. Mbona kwa Kabibi hapo jirani zanyooka, kila mwaka?" Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na bakuli la maji. Akaliweka chini, baina ya miguu yake na ya Kahonzi. "Mimba haipindi bure. Hupinda ikikuta njia ina nyayo mbili. Taja."

Kahonzi aliijua desturi hiyo, ila hakuwahi kukaa upande huu wa bakuli. Mwanamke ambaye mimba yake imekataa kukaa, au mtoto wake amekataa kutoka, hutakiwa aliinamie bakuli alitaje jina la mwanamume mwingine. Maji yakamwagwe nyuma ya nyumba, na njia inyooke. Wako waliotaja walichofanya. Wako waliotaja ambacho hawakufanya, kwa uchungu tu, ili wapelekwe hospitali, wakapona, na wakaishi maisha yao yote na jina hilo.

"Sina wa kumtaja, mama."

"Basi maji yatangoja."

Yakangoja. Jua likasogea, kivuli cha jiko kikafika kwenye vidole vya Kahonzi, na ngoja ngoja, Waswahili hawakukosea, huumiza matumbo. Alikaa na maumivu yake akiyatazama yale maji, na akili yake ikaanza kupanga upya mambo ya asubuhi. Ofisini waliongea kwa sauti, wakamficha. Hapa anaambiwa kwa sauti, mchana kweupe, aseme uongo. Katika siku nzima, mtu aliyemwambia jambo ambalo halikumfaa yeye mwenyewe ni yule aliyenong'ona. Hesbon angepata nini? Kazi ndiyo ambayo angeikosa. Labda huko misheni ukweli ndio unaonong'onwa, na uongo ndio wenye ofisi.

Wazo hilo lilimsimamisha wima.

"Mama, nipe ruhusa niende mjini. Hospitali ya serikali."

"Kufanya nini?"

"Iko sindano. Huenda mrija ukabaki, nikazaa. Nikakupa jina lako."

Kisu cha Kache kilisimama. Kwa kitambo uso wake ulikuwa uso wa mtu mwenye matumaini, na Kahonzi aliuona. "Nani kakwambia?"

"Daktari."

"Mbele ya Sista?"

Angedanganya hapo, mambo yangekuwa mengine. Lakini alikuwa amechoka na mambo ya kufichwa.

"La. Nje, penye bomba."

"Nje."

"Ndiyo."

"Daktari huyo ni mwanamume?"

"Ni mwanamume, mama. Kaninong'oneza kwa kuwa aogopa kufukuzwa kazi."

"Kakunong'oneza." Kache aliweka kisu juu ya muhogo. Hakuwa na hasira. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyejua tangu mwanzo. "Na kakwambia usimtaje."

Kahonzi aliyatazama maji.

"Kakwambia?"

"Ndiyo."

Kache akalisukuma bakuli kwa mguu, taratibu, lisimwagike, mpaka likagusa mguu wa mkaza mwanawe. "Ushaanza mwenyewe, mwanangu. Malizia. Nani huyo?"

Kahonzi alitaka kucheka. Kicheko kilikuwa kimeshafika kifuani pale kitu kilipochanika ndani yake. Hakusikia mlio, ingawa baadaye aliapa kwamba aliusikia. Maumivu yalimpanda kutoka kiunoni yakamchoma begani, akaanguka juu ya bakuli na maji yakaingia mchangani bila jina lolote.

Kache alipiga ukelele. Hilo nalo tumpe haki yake: alipiga ukelele, akakimbia bila viatu kumwita Gona, jirani mwenye boda boda. Walimweka Kahonzi katikati, wakamfunga kwa leso zake na za mamavyaa, kama mzigo wa kuni.

"Mjini," alisema Kahonzi. "Kwa serikali."

"Hatufiki huko, dada," alisema Gona. "Misheni ni hapa."

Safari hii hakuna aliyeuliza sahihi. Sista Priscilla mwenyewe aliufungua mlango wa chumba cha upasuaji kwa funguo zake, akasimama akiushikilia. "Sasa ni dharura," alisema. "Sasa inaruhusiwa. Daktari, unaweza kuendelea."

Taa ilikuwa nyeupe. Kahonzi aliona macho ya Hesbon juu ya barakoa, mekundu.

"Ile sindano," alimwuliza. Ulimi ulikuwa mzito. "Ilikuwa kweli?"

"Ilikuwa kweli, mama," alisema Hesbon. Aliyasema kwa sauti, chumba kizima kikasikia, na Sista hakumkataza. Hakukuwa tena na haja ya kunong'ona.

Alipozinduka, dirisha la wodi lilikuwa na mwanga wa asubuhi. Kache alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, na kopo la uji mapajani. Alimnywesha vijiko vichache, akampangusa kidevu. Kisha Sista akaja. Mikononi alikuwa na kisanduku cha mbao, kidogo, kimepigwa msasa vizuri, cha kutosha kuhifadhia miwani.

"Umepona, Kahonzi. Na hatukuua mtu." Alikuwa na machozi machoni, machozi ya kweli. "Hapa kila uhai una heshima yake. Leo tutamzika kando ya kanisa, pamoja na malaika wenzake. Lakini lazima awe na jina. Hapa hatumziki mtu bila jina."

Kahonzi aligeuza kichwa, akamtazama mamavyaa.

"Nimejifunza desturi zenu," Sista akaendelea, akitabasamu. "Wa kwanza huitwa kwa nyanya yake. Tumwite Kache?"

Kache alilifunika kopo la uji. Aliinuka, akajitanda leso yake vizuri, pembe juu ya pembe.

"La," alisema. "Jina langu halizikwi. Mwanangu angali kijana. Jina litangoja tumbo jingine."

Alilisema bila chuki, kama mtu anayehamisha mbuzi kutoka malisho yaliyokwisha. Akaacha kopo juu ya meza, kijiko ndani yake, akaenda zake.

Sista alibaki na kisanduku.  "Basi tuandike nani, binti yangu?"

"Andikeni mnavyopenda," alisema Kahonzi. "Mwajua wenyewe namna ya kunisafisha."

Akageukia ukuta.

Siku aliyoruhusiwa kutoka, Nyale hakuja. Alituma ujumbe kwenye simu: Mama kasema upumzike kwanza kwenu Adu, mambo mengine tutazungumza. Kahonzi aliusoma amesimama, akausoma tena, mambo mengine akayaelewa yote. Alipita kando ya kanisa kwa kuwa ndiyo njia fupi ya kwenda barabarani, akitembea ameinama, kiganja juu ya kovu lililoshonwa juu ya kovu.

Misalaba midogo ilikuwa imepangwa safu safu, imepakwa chokaa. Mwisho wa safu, mwanamume alikuwa amechuchumaa na kopo la rangi nyeusi, akimalizia msalaba mpya. Alikuwa na kadi ya mgonjwa kwenye mfuko wa shati, akichungulia herufi asije akakosea. Alipompisha, Kahonzi alisoma. Lilikuwa jina moja tu, kubwa, limeandikwa kwa uangalifu.

KAHONZI.

Alinyoosha kidole, akaigusa herufi ya kwanza.

"Usiguse, mama," alisema yule mwanamume. "Bado haijakauka."